Mshale Kwanza, Skrubu Baadaye: Kwa Wanaoanza Kuwinda kwa Upinde wa Kompaundi

Hapa Pennsylvania, Marekani, msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hufunguliwa vuli inapoanza, na kila mwaka wiki chache kabla yake hukutana na ndugu zetu wageni wakiwa na shida moja. Wamenunua upinde mzuri wa kompaundi, ule wa kisasa wenye kebo na magurudumu, wamechukua mishale sita iliyokuwa na punguzo, na sasa wanakazana kugeuza skrubu za upinde ili mishale ile iende sawa. Ndugu, anza na mshale. Mshale usioufaa upinde wako hautanyooshwa na skrubu yoyote.

Tazama ubavuni mwa uti wa kaboni (fimbo ya mshale), utakuta namba kama 300, 340, 400 au 500. Hicho ni kipimo cha kupinda. Uti hulazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, kisha katikati huning'inizwa uzito wa pauni 1.94. Ukibonyea inchi 0.400, huo ni 400. Kwa hiyo namba kubwa ni mshale laini, na namba ndogo ni mshale mgumu. Wengi huisoma kinyume, wakadhani 500 ina nguvu kuliko 300.

Hapo mshale umelala tu. Ukiachia, upote (kamba ya upinde) huusukuma kwa nyuma ghafla huku uzito wa ncha ukiuzuia kwa mbele, na uti hujipinda hewani. Ukitoa ncha ya greni 100 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) ukafunga ya 125, mshale ule ule unalegea zaidi. Uti mrefu hulegea, mfupi hukaza. Ukipandisha uzito wa kuvuta upinde kutoka pauni 60 hadi 70, mshale uliokutosha jana leo unaweza kuwa laini mno. Ndiyo maana nasema amua kwanza uzito wa ncha utakayowindia, pima urefu wa mvuto wako (umbali unaouvuta upote), halafu ndipo usome jedwali la mtengenezaji wa mishale. Mwenye upinde wa pauni 60, uti wa inchi 28 na ncha ya greni 100 mara nyingi ataangukia 400. Ukijikuta mpakani kati ya namba mbili, na unatumia kifyatuo (kifaa cha kuachia upote) badala ya vidole, chukua ule mgumu zaidi.

Uzito nao usiudharau. Mshale mzima, pamoja na ncha, noki (kipande cha mkiani kinachoshika upote) na manyoya, usipungue greni 5 kwa kila pauni ya upinde. Yaani kwa pauni 60, greni 300. Chini ya hapo nguvu ambayo mshale umeshindwa kuibeba hurudi kwenye mikono ya upinde (vile vipande viwili vinavyopinda) na kwenye upote, na upinde unaweza kuvunjika mbele ya uso wako. Kwa kuwindia mimi hupenda uzidi hapo kwa kiasi kizuri. Uti wa greni 8.5 kwa inchi, urefu wa inchi 28, ni greni 238. Ukijumlisha ncha ya 100 na vikorokoro vingine unakaribia 385. Mshale wa namna hiyo hupenya vizuri na upinde haupigi kelele nyingi.

Kabla ya kufyatua, hakikisha kamu zote mbili (yale magurudumu ya kwenye ncha za upinde) zinagota mwisho wa mvuto kwa wakati mmoja. Kama duka lina mashine ya kuvutia upinde, waombe wakuonyeshe.

Sasa karatasi. Itandaze kwenye fremu, weka shabaha nyuma yake, simama kama mita 2, fyatua. Soma tundu: ncha huacha duara, manyoya huacha mikato mitatu. Mikato ikilizunguka duara, mshale umepita umenyooka. Mikato ikiwa juu ya duara, mkia umepita juu: pandisha kidogo kiegemeo (kifaa kinachobeba mshale), au shusha kitanzi cha upote (kile kinachoshikwa na kifyatuo). Karatasi ikipasuka kwenda pembeni, usikimbilie kiegemeo. Angalia mkono wako kwanza. Anayeukaba mpini kwa vidole vyote huupindisha upinde bila kujua, na karatasi huandika kosa la mkono kana kwamba ni la mshale. Acha mpini ukae kwenye kitako cha kidole gumba, vidole vingine vilegee. Kisha paka manyoya poda nyeupe ya miguu, ile ya kupuliza, ufyatue tena. Mahali poda ilipofutika ndipo manyoya yanapogusa kiegemeo au kebo. Mkono ukiwa sawa na hakuna kinachogusa, sogeza kiegemeo pembeni kwa kiasi kisichofika milimita moja uone mpasuko unapungua au unakua. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Ukibadilisha viwili, hutajua kipi kilisaidia.

Mshale mmoja kati ya sita ukikataa peke yake, zungusha noki yake theluthi moja ili unyoya mwingine ukae juu. Mara nyingi hutulia. Ukiendelea kukataa, ubaki wa mazoezi.

Wengi huishia kwenye karatasi, na hapa ndipo naomba mnisikilize. Ncha ya kuwindia yenye nyembe zisizokunjwa ni mabawa mbele ya mshale. Kasoro ndogo ambayo ncha ya mazoezi huificha, nyembe hushika upepo na kuikuza. Kwa yadi 20, piga mishale miwili yenye ncha za mazoezi na miwili yenye nyembe, zote za uzito mmoja, kila mshale kwenye doa lake usije ukakata manyoya. Nyembe zikianguka kulia kwa zile za mazoezi, sogeza kiegemeo kushoto. Zikianguka chini, kipandishe. Zikikutana, rudi yadi 30, kisha 40. Mnyama anastahili mshale ulionyooka unaopita kwenye mapafu, asiteseke usiku kucha kwa sababu mwindaji alichoka kurekebisha.

Sheria ya Pennsylvania inataka upinde usiopungua pauni 35 na ncha yenye upana usiopungua inchi 7/8, ila soma kitabu cha mwaka husika na ufanye kozi ya uwindaji kwanza. Majimbo hutofautiana.

Na kila mara kabla ya kuupachika mshale wa kaboni kwenye upote, ukunje taratibu pande zote huku ukiusikiliza. Ukilia hata kidogo, uvunje uutupe. Kaboni iliyopasuka humkatikia mtu mkononi. Mishale iliyofaulu iandike namba, uiwekee nyembe mpya, na zile ulizojaribia zisirudi kwenye podo.