Maswali ya jikoni: pishi jipya haliogopwi, linapimwa

Maswali ya safari hii yametoka Mtwara na Lindi, na mengi yanauliza jambo lilelile: nimejaribu pishi jipya, limeharibika, nipe jingine. Kabla sijajibu, tukubaliane vipimo. Kikombe kinachotajwa humu ni cha robo lita. Asiye nacho achukue chupa ya maji ya nusu lita. Ikijaa ni vikombe viwili. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15. Kikombe chako cha chai chenye maua si kipimo.

Shikamoo. Wali wa nazi nimeupika mara nne. Mara mbili umekuwa bokoboko, mara mbili una kiini. Nimechoka nao, nataka nihamie kwenye biriani angalau nijiamini. Nianzie wapi? (Shangani, Mtwara)

Marahaba. Anzia kwenye wali wa nazi. Mchele wa biriani unachemshwa nusu, unatandazwa juu ya masala, kisha unamalizwa kwa mvuke. Asiyejua mchele wake unakunywa maji kiasi gani ataharibu mchele na nyama kwa mkupuo mmoja, na bei ya nyama unaijua.

Umepika mara nne, lakini hujataja hata mara moja ulitia tui kiasi gani. Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Chukua mchele nusu kilo, ambao ni vikombe viwili na nusu hivi. Uoshe, uloweke dakika 20, uchuje. Kuna nazi moja kubwa iliyokomaa. Kamua kwanza kwa kikombe kimoja cha maji vuguvugu, hilo ni tui zito, liweke kando. Machicha yaleyale yakamue tena upate tui jepesi vikombe viwili na nusu. Pima tui lililokwisha kukamuliwa, usipime maji uliyomimina, kwa sababu machicha hubaki na maji yake na nazi huongeza ya kwake.

Bandika tui jepesi na chumvi kijiko kimoja cha chai. Likichemka tia mchele, koroga mara moja, weka mwiko chini. Tui likishuka hadi usawa wa mchele na vishimo vikaanza kutokeza, mimina tui zito, geuza taratibu kutoka pembeni, funika. Punguza moto wa chini na upalie makaa machache juu ya mfuniko, dakika 15 hadi 20. Wa gesi washushe moto hadi mwisho na waweke mfuniko mzito. Kufunua kila dakika mbili kunatoa mvuke, na mvuke ndio unaoivisha mchele wa juu.

Wali ukiwa bokoboko, ama tui lilizidi ama mwiko ulizunguka mno ukavunja punje zikatoa wanga. Ukiwa na kiini, moto ulikuwa mkali, tui likakauka kabla joto halijafika ndani ya punje. Mchele mpya wa msimu unataka tui pungufu kwa nusu kikombe. Uliokaa ghalani unataka zaidi. Kwa hiyo nunua mchele wa gunia moja, upike mara tatu kwa wiki mbili, na kila mara badilisha kitu kimoja tu na ukiandike. Ukibadili mchele, sufuria na moto siku moja, hutajua nani aliyekosea.

Watu wanahesabu mapishi waliyojaribu kama wanavyohesabu nguo za sikukuu. Aliyejaribu ishirini mara mojamoja hajui hata moja.

Keki yangu nimetia hamira vijiko vitatu kama ulivyosema, haikuumuka. (Masasi)

Sikusema. Hili ni swali la tatu la namna hii, na jibu ni lilelile: hamira si bekingi pauda. Hamira ni kiumbe hai, inataka muda wa kuumua, inaingia kwenye maandazi na mikate. Keki inataka bekingi pauda, kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe cha unga, na rojo likishachanganywa liingie motoni palepale. Soma kopo kabla hujafungua. Na kama ni hamira kweli unayoihitaji, ijaribu kwanza: kijiko kimoja katika maji vuguvugu yenye sukari kidogo. Dakika 10 zikipita bila povu, imekufa. Itupe, unga uendelee kuishi.

Pweza wangu anatoka kama kandambili. Mtandaoni wanasema dakika 20 zinatosha. Nakosea wapi? (Mikindani)

Dakika 20 ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa pweza. Nyama yake imefungwa na kano nyingi. Joto la mwanzo huzikaza, na zinaanza kulegea baada ya muda mrefu kwenye moto mdogo. Ukimtoa dakika ya 20 umemtoa akiwa amekaza kabisa, halafu unalaumu soko la feri.

Mgeuze kichwa ndani nje, toa matumbo na mfuko wa wino, kisha toa mdomo mgumu ulio katikati ya mikono. Sugua mikono kwa chumvi ili utelezi na mchanga utoke, halafu suuza chumvi yote. Mponde kama ilivyo desturi, au kama una friza mgandishe usiku mzima kisha umwache ayeyuke. Barafu inakata nyuzi za nyama, kazi ileile ya kuponda. Mwenye friza hana haja ya kuamsha majirani.

Mweke kwenye sufuria bila maji. Ndiyo, bila maji. Funika, moto mdogo, baada ya dakika chache atatoa maji yake mwenyewe ya rangi ya zambarau, na humo ndimo atakamoivia. Wa kilo moja anataka dakika 45 hadi saa nzima. Choma kisu sehemu nene ya mkono karibu na kichwa: kikiingia kama kwenye kiazi kilichoiva, tayari. Yakikauka mapema ongeza robo kikombe cha maji ya moto, usiongeze ya baridi. Chumvi isubiri mwisho, kwa kuwa pweza ametoka baharini na maji yake yakipungua chumvi hubaki palepale.

Atasinyaa karibu nusu. Kilo moja ni ya watu watatu au wanne, usialike ukoo.

Ukishamkata vipande, ndipo kitunguu, nyanya kidogo na tui. Ndimu ikamuliwe sahanini.

Kwa nini tui langu hukatika? (Lindi mjini; pia Mtama; pia Mtwara, ambaye ameuliza mara mbili)

Kwa sababu umeliacha likatokota bila kulikoroga, au umelitilia ndimu, ukwaju au embe bichi likiwa motoni. Tui zito liingie mwisho, moto mdogo, koroga kwa kuchota na kumimina mpaka lipande mara moja, kisha epua. Nyanya ziive na kukauka kabisa kabla halijaingia. Usiulize tena.

Nimeona video ya maandazi ya unga wa muhogo mtupu. Yangu yamepasuka kwenye mafuta yakawa makombo. Huku muhogo tunao tele, ngano ni ghali. Nisaidie. (Newala)

Unga wa ngano una gluteni, ule utando unaovutika unapokanda, na ndio unaoshika hewa ya hamira. Muhogo hauna utando huo. Hata ukikanda mpaka jioni, hewa itapita na andazi litapasuka. Changanya vikombe vitatu vya ngano na kimoja cha muhogo. Ukizidisha hapo utapata kitu kinacholika, lakini usikiite andazi. Muhogo unakunywa maji polepole, kwa hiyo ukishakanda acha donge dakika 15 kabla hujaamua kuongeza unga. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaona donge linanata, wanajaza unga, wanapata mawe.

Hukuuliza, lakini nitasema, maana unga wa muhogo huku kwetu si mchezo. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Makopa yaliyomenywa na kuanikwa tu, bila kulowekwa vya kutosha, hubaki na sumu nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa mwaka wa ukame ambapo muhogo wenyewe huwa mkali zaidi. Konzo, ugonjwa unaodhoofisha miguu ghafla na usioondoka, umewahi kuonekana mkoa wa Mtwara, na chanzo chake ni huo muhogo unaoliwa kila siku bila kitoweo cha maana.

Kama hujui unga wako ulitengenezwaje, fanya hivi. Weka unga mkavu kwenye beseni, usawazishe, chora alama ulipofikia. Tia maji kidogokidogo ukichanganya. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Tandaza kwenye mkeka safi, unene usiozidi sentimita 1, uache kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inatoka kama hewa, kwa hiyo usifunike na usirundike. Wa ugali upikwe siku hiyohiyo. Wa maandazi uanikwe tena mpaka ukauke, uchekeche, ndipo uchanganye na ngano.

Na kisamvu ni jani la mmea huohuo. Kitwangwe mpaka kilainike kabisa, kisha kichemke bila mfuniko nusu saa au zaidi kabla ya kuona tui na karanga. Anayekisokota kwa mkono na kukipitisha motoni dakika 10 "ili kibaki kijani" anapikia macho.

Mapishi yangu mapya wifi anasema hayana ladha. Niongeze kiungo gani? (Kilwa Masoko)

Chumvi. Onja, ongeza robo kijiko, koroga, onja tena. Viungo vya pakiti viache dukani. Vingi ni chumvi iliyovaa koti, na ndiyo maana ukivitia kisha ukaongeza chumvi chakula kinakuwa maji ya bahari.

Nimepata korosho ghafi kilo tano kutoka shambani kwa baba. Nataka kuzikaanga jikoni, kisha nipike kuku wa korosho niliyemwona kwenye simu. (Nachingwea)

Jikoni, hapana. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na moshi wake unachoma macho na kifua. Zinachomewa nje, wewe ukisimama upande upepo unakotoka, watoto wakiwa mbali, na mikono ikipakwa jivu wakati wa kubangua. Kama hujawahi kuifanya, mpe anayejua abangue mgawane.

Kuku ni rahisi. Korosho zilizobanguliwa gramu 100, vipande vilivyovunjika vinafaa kabisa na ni nafuu. Loweka katika maji ya moto nusu saa, zisage na kikombe kimoja cha maji mpaka ziwe laini kama uji. Pika kuku wa kilo moja kwa kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya mpaka aive. Zikibaki dakika 10, mimina korosho, shusha moto, koroga chini ya sufuria bila kuchoka. Zinashika na kuungua upesi kuliko tui. Mchuzi utakuwa mzito ghafla, kwa hiyo weka maji ya moto karibu. Kuku wa kienyeji anataka saa nzima au mbili kabla ya hapo, na video haikukwambia kwa sababu wao wanapika wa kisasa.

Inashangaza kidogo: mikoa inayolima korosho namna hii, na mchuzi wa nyumbani unafanywa mzito kwa unga wa ngano.

Wageni kumi na wawili wanakuja Jumamosi. Nataka kupika pilau kwa mara ya kwanza. Nina maelekezo ya watu wanne, nizidishe mara tatu tu? (Tandahimba)

Wapikie unachokijua. Jipya liwe kachumbari.

Ukishupaa, mchele na nyama vinazidishwa mara tatu, lakini maji hayazidishwi hivyo. Sufuria kubwa iliyofunikwa haipotezi mvuke mara tatu ya ndogo. Mimina mara mbili na nusu, maji mengine ya moto yakae kando. Chumvi, karafuu na iliki vianze kwa mara mbili, kisha onja supu kabla mchele haujaingia. Supu iwe na chumvi kidogo kupita kiasi, mchele utaimeza. Pika Alhamisi kwa watu wanne kwanza. Kama huna nafasi Alhamisi, basi huna pilau Jumamosi.

Nilijaribu mchuzi mpya wa vibua. Nusu saa baadaye uso ukawaka, mwili ukawasha, kichwa kikagonga. Ni pilipili manga? (Mtwara)

Huenda si pilipili. Vibua, jodari na jamaa zao wakikaa kwenye joto bila barafu, vijidudu hutengeneza histamini, kemikali inayowasha mwili, ndani ya nyama, na histamini haifi kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kutiwa ndimu. Samaki anaweza asinuke na bado akawa nayo. Dalili ulizotaja ni zake. Kifua kikibana au midomo ikivimba, ni hospitali, usisubiri kesho.

Nunua asubuhi, barafu iwepo tangu sokoni, mashavu yawe mekundu, jicho limetuna. Samaki wa saa nane mchana aliyelala juani si nafuu. Na ukiletewa bunju, yule samaki anayejivimbisha, kwa jina lolote lile, usimjaribu. Sumu yake haina dawa na hakuna pishi linaloiondoa.

Je, ming'oko inafaa kufanywa chipsi? (Lindi)

Ming'oko, viazi vya porini, huku inachemshwa kwa chumvi. Ichemshe kwanza, iive, uile hivyo mara tatu. Ukiwa bado unataka chipsi, ikate ikiwa imepoa na kukauka.