Kibodi Yangu Ilivyokunywa Chai

Nilikuwa nachapa barua ya mteja dukani kwangu Dodoma, kikombe cha chai ya maziwa kikiwa jirani na mausi. Kiwiko kikakigonga. Kosa langu halikuwa kumwaga chai, bali kufuta juu juu kwa kitambaa na kuendelea kuchapa. Ningechomoa waya hapo hapo na kuigeuza kibodi kifudifudi, chai nyingi ingerudi ilikoingilia. Jioni ile A ikawa inaandika tano tano, na spesi ukiibonyeza hairudi. Maji matupu hukauka yakaisha, lakini chai yenye sukari huacha gundi.

Kabla ya kung'oa kitufe hata kimoja, piga picha. Mimi sikupiga. Herufi hazikunisumbua, vidole vinazijua. Kazi ilikuwa kurudisha vile vitufe vya upande wa kulia ambavyo mwaka unaisha hujavigusa.

Vitufe vidogo vinang'oka kwa bisibisi bapa, ukiviinua taratibu kutoka chini. Spesi ina mambo yake. Chini yake kuna waya mwembamba wa chuma ulioshikwa na vishikizo viwili vya plastiki. Inua upande mmoja kidogo, chungulia, kisha utoe waya kwenye vishikizo vyake. Ukivuta kwa hasira kishikizo kinakatika, na sijapata duka linalouza kishikizo.

Chini ya vitufe nilikuta pini za stepla, nywele, makombo ya maandazi na vumbi letu la kiangazi. A ilikuwa imefutika na kubeba ukoko kuliko zote. Q na X ziling'aa kama zimetoka dukani leo. Kiswahili hakina kazi nazo.

Vitufe niliviloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikavisugua kwa mswaki wa zamani. Mwaga maji kupitia chujio. Esc yangu niliiopoa kwenye karo.

Skrubu ziko mgongoni, na moja hupenda kujificha chini ya lebo. Mfuniko ukiachia pande zote ila katikati, usilazimishe. Papasa lebo kwa kidole mpaka uhisi shimo. Ndani ya kibodi hizi za kawaida utakuta mpira wenye vinundu, kimoja kwa kila kitufe, na chini yake karatasi za plastiki zenye mistari. Mpira unaoshwa kwa maji bila wasiwasi. Ile mistari ndiyo njia ya umeme, na imechapwa kama rangi tu, kwa hiyo mswaki uweke mbali. Pamba yenye unyevu kidogo, mkono mwepesi, basi. Kile kibao kidogo unapoingia waya wa kibodi usikiloweshe kabisa.

Halafu anika kivulini, siku mbili. Mimi nilichomeka baada ya saa tatu tu kwa sababu wateja walikuwa wamejaa, nikakuta herufi kadhaa ni bubu. Nikadhani nimeiua. Kumbe maji yalikuwa yamebaki katikati ya zile karatasi; keshokutwa yake zote zikaongea.

Kompyuta mpakato usiifanyie hivi. Vitufe vyake vimekaa juu ya vijimkasi vya plastiki vyembamba mno, na kimoja kikivunjika kitufe hakikai tena. Hiyo ipulizie vumbi, na ikimwagikiwa izime, mpelekee fundi.

Chai siku hizi naiweka kwenye stuli, nyuma yangu. Inapoa kabla sijaikumbuka.