Vipandikizi vya waridi ndani ya friji: ndiyo, lakini marando hapana

Umeeleza kwamba umeletewa vijiti vya waridi pamoja na marando ya viazi vitamu, na kwamba mchanga wa kuotesha utaupata baada ya siku tano, ndipo ukauliza kama vyote vinaweza kusubiri ndani ya friji.

Waridi linaweza. Punguza majani ubakize mawili ya juu, lowesha gazeti kisha ulikamue mpaka lisidondoshe tone, kwa kuwa maji yakizidi ukungu hutangulia mizizi. Vifungie vijiti humo, uvitie ndani ya mfuko wa plastiki na kuviweka kwenye droo ya mboga, ambako baridi huwa kama nyuzi 4 hadi 8, mbali na ukuta wa nyuma unaogandisha. Ondoa ndizi mbivu, maembe na matofaa humo, maana matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayopukutisha majani. Siku ya kupanda, kata upya kitako cha kila kijiti chini kidogo ya kifundo. Ukiona sehemu iliyokatwa imekuwa nyeusi na laini, usisite kukitupa.

Marando, kwa upande wake, ni ya nchi za joto, na baridi iliyo chini ya nyuzi 10 huyaharibu. Yaondolee majani mengi, uyafunge kwa gunia lenye unyevu na kuyalaza kivulini. Yakianza kutoa vijizizi vyeupe kwenye vifundo, usiyangojeshe tena, hata kama mchanga haujafika, shambani yatashika.