Mahindi ya manjano baada ya mikaratusi

SWALI: Mhariri, nilipanda mikaratusi ekari mbili hapa Nakasongola, Uganda, nikaikata baada ya miaka saba. Sasa mahindi yangu yametoka manjano, na mvua ya kwanza iliteleza juu ya udongo kama juu ya bati. Jirani anasema kalitunsi, yaani mikaratusi hiyo, imenyonya rutuba yote. Ni kweli?

JIBU: Jirani hajakosea sana, ila ameubebesha mti lawama zote. Nasi tunakuuliza: magome, matawi na majani yalikwenda wapi? Kalisiamu nyingi ya mkaratusi imo kwenye gome, na majani yana naitrojeni zaidi kuliko gogo. Ukiuza nguzo na magome yake, matawi yakawa kuni, na majani makavu yakafagiliwa kila wiki kwenda jikoni, rutuba nayo imepanda lori. Ukichoma mabaki, majivu yanakuachia potasiamu na kalisiamu, lakini naitrojeni imeondoka na moshi. Siku nyingine menya magome palepale shambani na uyatawanye.

Unjano wa mahindi una sababu ya pili. Majani ya mkaratusi yana naitrojeni kidogo, kwa hiyo vijidudu vinavyoyaozesha hukopa iliyomo udongoni, na mahindi yanalala njaa. Tazama jani la chini kabisa. Unjano ukianzia nchani na kuingia katikati kwa umbo la V, ni njaa ya naitrojeni.

Kuteleza kwa maji kunatokana na nta na mafuta ya majani, ambayo hupaka chembe za udongo. Jipimie mwenyewe siku ya jua: kwangua majani, dondosha tone la maji kwenye udongo mkavu, uhesabu. Tone likikaa juu zaidi ya sekunde 5, udongo huo unakataa maji. Usiulime ukiwa vumbi. Subiri mvua iuloweshe, kisha lima kina cha sentimita 15 hadi 20 ukichanganya samadi.

Msimu ujao acha mahindi. Panda kunde au karanga, zinazojitengenezea naitrojeni, na ukishavuna rudisha majani na mashina shambani. Mahindi yafuate msimu wa pili, viganja viwili vya samadi iliyooza kila shimo. Samadi mbichi huunguza mbegu, na Nakasongola hamna uhaba wa mazizi ya kukusanyia ya zamani.

Halafu visiki, ambavyo wengi huvidharau. Kisiki hai kinaendelea kunywa maji, na sehemu kavu kama yenu mazao hufa kwa kiu kabla ya kufa kwa njaa. King'oe, au kata machipukizi kila yanapofika magotini mpaka kichoke. Ukibakiza mstari mmoja mpakani, chimba mtaro wa kina cha sentimita 60 kati yake na mazao, na uufungue upya kila mwaka, maana mizizi hurudi.

Chokaa ya kupunguza asidi ya udongo usinunue kabla ya kupima. Chukua udongo sehemu 15 kwa kupindapinda shambani, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki (ya bati huchafua kipimo cha zinki), upeleke nusu kilo maabara ya udongo ya Kawanda, karibu na Kampala.

SWALI: Huku Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda, tunataka miti ndani ya shamba la mtama. Tumeshauriwa mjohoro kwa kuwa ni jamii ya mikunde.

JIBU: Ni jamii ya mikunde, lakini hautengenezi naitrojeni. Unafaa kwa kuni, pembeni. Ndani ya mtama wekeni Faidherbia albida, mgunga unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua kiangazi, hivyo hauutii mtama kivuli. Mita 10 kwa 10, yaani miti 40 kwa ekari. Kwangueni ganda la mbegu kidogo kwa wembe na kuziloweka usiku mmoja. Zungushieni kila mche miiba; mbuzi hawatawasubiri. Faida kwa udongo huchukua miaka kumi na zaidi, kwa hiyo samadi isisimame.