Anzeni Bustanini Kabla ya Kugusa Ukuta

Nyinyi mnaoingia sasa katika kazi ya kuhifadhi majengo ya umma hapa Unguja, hasa yale yanayotunza vitabu na nyaraka, mtavutiwa kwanza na kuba, milango na rangi. Mimi nashauri muanzie bustanini, kwa sababu maradhi mengi ya jengo la zamani huletwa na maji. Mkifika Beit el Amani pale Mnazi Mmoja, jengo lililosanifiwa na J. H. Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925, zungukeni nje wakati wa mvua za Masika mtazame maji ya milizamu yanamwagikia wapi, na kama udongo wa maua umerundikwa ukapita kimo cha sakafu.

Kuta nyingi za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa aina hiyo hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa tena kupitia lipu ya chokaa. Ukipigwa saruji, ambayo wengi huipenda kwa kuwa hukauka upesi, unyevu hunaswa ndani, hupanda juu zaidi, na chumvi huanza kuisukuma lipu. Gongeni kwa kifundo cha kidole usawa wa kiuno: panapoitika kama debe tupu, lipu imeshaachana na jiwe. Chini yake mtakuta unga mweupe ambao kila asubuhi hufagiliwa ukidhaniwa ni vumbi.

Ndani, rafu za vitabu zisigusane na ukuta wa nje, kwani nyuma yake huota ukungu na mchwa hupanda bila kuonekana. Kagueni pia ncha za boriti zilizozama ukutani, ambako kuoza huanzia. Sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wala halikuwa jumba lililokosa wa kulisifu.

Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiombwe mapema.

Miti mikubwa ya bustani msiikate ovyo. Kivuli chake ni haki ya wananchi. Wa kuogopwa ni mche wa mtini unaoota ukutani kutokana na mbegu za ndege. Ukikatwa juu tu huchipua tena, na ukivutwa kwa nguvu hutoka na mawe. Mzizi wake uuliwe kwa dawa, uachwe ukauke, ndipo tundu lizibwe kwa chokaa na vijiwe.