Chuma Kimeingia, Mshipa Bado Unapona

Wiki hii ni moyo tu. Meseji za stenti, kile kibomba cha nyavu za chuma kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi, zimejaa, na nyingi zinauliza jambo lile lile ambalo nimelijibu hadi nimechoka.

*"Nilipata mshtuko wa moyo, nikawekewa stenti yenye dawa. Huu mwezi wa tatu. Napanda kilima cha Bugando bila kuhema. Niache klopidogreli? Bei inaniumiza."* Igoma

Usiache. Klopidogreli ndiyo inayozuia damu isigande ndani ya stenti. Kupanda kilima kunaonyesha damu inapita, basi. Puto la kuwekea stenti linapotanua mshipa, ngozi laini ya ndani huchubuka, na vijiti vya chuma hubaki wazi katikati ya damu. Stenti za zamani zisizo na dawa mwili ulizifunika haraka, tena kwa baadhi ya watu ukapitiliza: kovu likakua mpaka njia ikaziba upya. Hapo ndipo zikaja zenye dawa. Za kwanza kwa binadamu ziliwekwa Brazil mwaka 1999. Sirolimasi iliyopakwa juu yake ilizuia kovu, lakini dawa hiyo haichagui. Inaichelewesha pia ile ngozi laini unayoihitaji. Chuma kikiwa uchi, chembe sahani, zile chembe ndogo za kugandisha damu, hukivamia, damu inaganda, na stenti nzima inaweza kuziba ndani ya dakika chache. Mwaka 2006 hofu hiyo iliwatikisa madaktari wa moyo dunia nzima.

Za sasa zina vijiti vyembamba na hufunikwa mapema zaidi. Hata hivyo, baada ya mshtuko wa moyo utaratibu wa kawaida ni miezi 12 ya aspirini pamoja na mwenzake kama klopidogreli. Wa kufupisha muda huo ni daktari wako wa moyo, akiona una hatari kubwa ya kutoka damu. Muuza duka la dawa hahusiki, shemeji hahusiki. Bei ikikushinda, sema kliniki kabla vidonge havijaisha, maana klopidogreli hutengenezwa na kampuni nyingi.

Mzee mmoja wa Ukerewe aliwahi kunitolea karatasi yake ya vidonge mfukoni: tundu, kidonge, tundu, kidonge, kama gunzi lililodonolewa na kuku. Nikadhani anasahau. Kumbe leo anameza yeye, kesho anampa mkewe "kwa ajili ya presha". Klopidogreli haishushi presha. Hapo hakuna aliyekuwa anatibiwa.

*"Stenti itaota kutu? Na mashine ya ukaguzi italia pale uwanja wa ndege?"* Buzuruga

Haioti kutu, hailii. Safari njema.

*"Nataka kung'oa jino. Nimeambiwa niache dawa za kuyeyusha damu wiki nzima."* Nyegezi

Kwanza, haziyeyushi chochote. Zinazuia chembe sahani zisishikane. Pili, mpigie aliyekuwekea stenti kabla hujagusa ratiba. Jino kwa kawaida hung'olewa dawa zikiendelea. Fizi ikivuja unaing'atia pamba. Moyoni hakuna pa kung'atia pamba.

*"Baada ya miaka mitano si nitakuwa nimepona kabisa?"* Sengerema

Chuma kitakuwa kimefunikwa, lakini ndani ya ngozi hiyo mpya mafuta yanaweza kujijenga tena, na kwenye stenti zenye dawa hilo huonekana mapema kuliko kwenye zile za zamani. Isitoshe, fundi amekutengenezea sentimita mbili tatu za mshipa. Iliyobaki ni ile ile uliyoilea kwa sigara. Statini, dawa ya kushusha kolesteroli, endelea nayo. Aspirini pia, kwa wengi, ni ya maisha.

*"Kayabo naruhusiwa?"* Kirumba

Samaki mkavu mwenye chumvi yote ile? Chemsha sato. Na zile chupa za "kuzibua mishipa" zinazonadiwa kwenye mabasi, waachie wanaozinadi. Mgongo ukikuuma kwa kubeba magunia hapo mwaloni, usimeze diklofenaki juu ya aspirini na klopidogreli, tumbo linaweza kuvuja damu. Tumia parasetamoli, na ukiona choo cheusi kama lami nenda hospitali siku hiyo hiyo, vidonge vyako ukiwa navyo mkononi.