Upinzani uko wapi katika nyimbo za ibada?

SWALI: Nasikia wanawake watakatifu wa Kihindu wa enzi za kati walitunga mashairi ya kupinga matabaka. Lakini ya Mirabai, mshairi wa karne ya 16, niliyoyasoma ni mapenzi kwa mungu Krishna tu. Upinzani wenyewe uko wapi?

JIBU: Mirabai alizaliwa katika nyumba ya watawala wa Rajput, tabaka la wapiganaji la India kaskazini. Kwa kuzaliwa kwake, hakuna aliyemwita najisi. Rudi nyuma hadi Maharashtra, magharibi mwa India, karne ya 14, umsikilize Soyarabai.

Soyarabai alikuwa wa tabaka la Mahar, watu waliotwikwa kazi ya kuburuta mizoga ya ng'ombe, kisha wakaambiwa wasiguse watu wengine. Yeye na mumewe, Chokhamela, walimpenda Vitthal, mungu wa mji wa Pandharpur, lakini hekaluni hawakuruhusiwa kuingia. Chokhamela naye ni mtunzi, na katika baadhi ya nyimbo zake anaona kuzaliwa Mahar ni malipo ya makosa ya maisha yaliyopita. Zinaniuma kila ninapozisoma.

Mkewe anauliza swali jingine kabisa. Mnasema mwili ni najisi na roho ni safi. Haya, ni mwili gani uliokuja duniani bila kupitia damu ya tumbo la mama? Kama unajisi ni huo, basi kila mtu anao, na kuoga hakuuondoi. Mimi ninayekuandikia nimezaa watoto watatu, na sijui hoja inayokwenda moja kwa moja kwenye mzizi kama hii. Kuhani anayemfungia Soyarabai lango naye alizaliwa hivyo hivyo. (Mwana wa Soyarabai, Karmamela, alikuwa mkali zaidi: alimlaumu Mungu waziwazi kwa kuwalisha makombo.)

Msome pia Janabai, mtumishi wa nyumbani kwa Namdev, mshairi mtakatifu wa wakati huo. Katika nyimbo zake Vitthal mwenyewe huja kusaga nafaka pamoja naye.

Lango halikufunguka upesi. Mapokeo yanasema Chokhamela alifariki mwaka 1338. Kaburi lake liko nje, mbele ya lango la hekalu. Wa tabaka lake waliruhusiwa kuingia mwaka 1947, baada ya Sane Guruji, mwandishi na mwanaharakati, kufunga kula.

Unapomsoma Soyarabai, usiruke mstari wa mwisho, pale mtunzi anapojitaja. Mara nyingi hujiita Mahari wa Chokha, yaani mke wake, mwanamke wa Kimahar. Tabaka walilomtukania analiweka mwenyewe ndani ya sahihi yake, mbele ya Mungu.